Maziwa Yamechemshwa, Mbona Mtoto Anatapika?

Leo tunataka kusema habari za maziwa, tena maziwa yaliyochemshwa vizuri kabisa, na jinsi yanavyoweza kumwangusha mtoto kitandani.

Hebu tuchukue mfano. Ng'ombe amekamuliwa saa kumi jioni. Mama ana kazi nyingi: kuni zimelowa, mtoto mdogo analia, ugali haujasongwa. Ndoo ya maziwa inawekwa pembeni na kufunikwa kwa sinia. Saa nne ya usiku mama anayakumbuka, anayabandika motoni, yanachemka mpaka yanataka kumwagika. Asubuhi saa moja watoto wanayanywa. Saa tatu hawajamaliza hata kufagia uwanja, wawili wameanza kutapika, mmoja anashika tumbo, mwingine anaharisha.

Baba anauliza, "Mama, maziwa haya uliyachemsha kweli?" Mama anasema aliyachemsha. Baba haamini. Jirani naye anapita, anasema labda kuna mtu ana jicho baya. Basi nyumba imekwisha vurugika.

Ndugu zangu, mama huyo amesema kweli, maziwa aliyachemsha. Lakini liko jambo moja ambalo baba halijui, mama halijui, na jirani halijui. Jambo lenyewe ni hili: moto huua kijidudu, lakini sumu ambayo kijidudu hicho kimekwisha itoa, moto wa jikoni hauiondoi. Tukilielewa neno hili moja, mambo mengine yote ya leo yatakuwa rahisi.

KIJIDUDU CHENYEWE

Kijidudu tunachokisema ni kidogo mno, hakionekani kwa macho. Mtu wa kwanza kukieleza vizuri alikuwa daktari mpasuaji wa mji wa Aberdeen, huko Uskochi, aitwaye Alexander Ogston. Mwaka 1880 alichukua usaha wa majipu ya wagonjwa wake, akautazama kwa darubini, akaona vijidudu vya mviringo vimeshikana kama kichala cha zabibu. Baadaye akavipa jina la Kigiriki lenye maana ya kichala cha zabibu. Mwaka 1884 Mjerumani Friedrich Rosenbach akaongeza neno la Kilatini lenye maana ya dhahabu, kwa kuwa vikioteshwa vingi pamoja huwa na rangi ya manjano ya dhahabu. Ndiyo maana wataalamu hukiita Staphylococcus aureus. Sisi hapa tutakiita kijidudu cha usaha, maana usaha tunaujua sote.

Kijidudu hiki kinakaa wapi? Kwanza, kinakaa kwetu sisi wenyewe. Katika kila watu kumi wazima, kiasi cha watatu hivi wanacho ndani ya pua zao na hawaumwi kitu. Kinakaa katika ngozi, katika majipu, na katika vidonda vya mikono. Kidole kilichovimba na kutunga usaha ni ghala lake. Pili, kinakaa kwa wanyama wetu, hasa katika kiwele cha ng'ombe na mbuzi wa maziwa, ambako huleta ugonjwa wa kiwele. Tatu, kutoka kwa mtu au mnyama kinaingia katika chakula, na hapo ndipo kinapofanya kazi tunayoizungumza leo.

Maziwa yakitoka kwenye chuchu huwa na joto la mwili wa ng'ombe, yaani kama digrii 38 za Sentigredi. Joto hilo ndilo kijidudu hiki kinalolipenda. Kikipata chakula na joto, kimoja hugawanyika na kuwa viwili, viwili vinakuwa vinne, na kuendelea. Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme katika mililita moja ya maziwa mna vijidudu 1,000, na kila nusu saa vinaongezeka mara mbili. Baada ya saa moja ni 4,000. Baada ya saa mbili ni 16,000. Baada ya saa tatu na nusu ni 128,000. Baada ya saa tano vimepita 1,000,000. Vikifika kama 100,000 katika mililita moja na kupita, sumu yake huanza kuwa ya kutosha kumdhuru mtu.

Na jambo la kutisha ni kwamba maziwa hayo hayabadiliki. Hayaganda, hayanuki, hayana uchungu. Ukiyaonja, ni matamu kama kawaida.

WATAALAMU WALIJUAJE?

Pengine ndugu msikilizaji utauliza, "Haya, mmejuaje kwamba ni sumu wala si kijidudu chenyewe?" Swali zuri. Tutakueleza visa vitatu.

Kisa cha kwanza ni cha Ufilipino, nchi ya joto kama pwani yetu. Mtaalamu mmoja, M. A. Barber, alikuwa akitembelea shamba moja la ng'ombe huko, na akinywa maziwa ya pale mara kwa mara aliugua tumbo. Akaanza kuchunguza. Aliona kwamba maziwa yakinywewa mara tu baada ya kukamuliwa hayadhuru. Lakini maziwa hayo hayo yakikaa saa kadhaa katika joto la chumba, humgonjesha mtu. Alijijaribia mwenyewe mpaka akahakikisha. Vijidudu vya jamii hii vilikuwa vinatoka katika kiwele cha ng'ombe mmoja, na ng'ombe mwenyewe alionekana mzima. Habari hizo zilichapishwa mwaka 1914.

Kisa cha pili ni cha Chicago, Marekani, mwaka 1930. Watu walikuwa wameugua kwa kula keki yenye krimu. Gail Dack na wenzake walitoa vijidudu hivi katika keki ile, wakaviotesha katika mchuzi, kisha wakauchuja mchuzi mpaka vijidudu vyote vikabaki nyuma. Mchuzi mtupu uliochujwa wakawapa watu waliokubali kujaribiwa. Watu wakaugua. Basi ikajulikana: kijidudu kikiwamo kisiwemo, sumu yake peke yake inatosha.

Kisa cha tatu ni cha Japani, na hiki ndicho kikubwa. Mwezi Machi, mwaka 2000, umeme ulikatika kwa muda wa saa tatu hivi katika kiwanda cha maziwa cha Taiki, katika kisiwa cha Hokkaido. Maziwa yaliyokuwa katika mitambo yakakaa na joto, vijidudu vikazaana, sumu ikatoka. Umeme uliporudi, maziwa yakapitishwa katika moto wa kiwandani, vijidudu vikafa, maziwa yakakaushwa kuwa unga. Lakini sumu ikabaki ndani ya unga huo. Mwezi Juni ukatumiwa katika kiwanda kingine huko Osaka kutengenezea maziwa ya kunywa. Watu zaidi ya 13,000 wakaugua.

Oneni basi. Wale walikuwa na mitambo, walikuwa na wapimaji, walikuwa na moto wa kutosha. Kilichowashinda ni saa chache za maziwa kukaa na joto kabla ya moto. Ndiyo yale yale ya ndoo ya mama yetu iliyokaa tangu saa kumi jioni hadi saa nne ya usiku.

Lakini angalieni! Mtu asije akasema, "Kumbe kuchemsha hakuna maana." Hapana. Kuchemsha ni lazima. Moto huua vijidudu vya kifua kikuu cha ng'ombe, huua vijidudu vya ugonjwa wa kutupa mimba ambao humpata mtu kwa homa ya muda mrefu, na huua hata hiki kijidudu cha usaha. Tunachosema ni kwamba moto uje mapema, kabla sumu haijatoka. Moto uliochelewa haurudishi kilichoharibika.

MTU NA NG'OMBE HUAMBUKIZANA

Watu wengi hudhani ugonjwa wa kiwele ni mambo ya ng'ombe peke yake. Sivyo. Kijidudu hiki huhama kutoka chuchu moja hadi nyingine, na kutoka ng'ombe mmoja hadi mwingine, kwa njia ya mikono ya mkamuaji na kitambaa kimoja kinachofuta viwele vyote. Mkamuaji mwenye jipu au kidonda cha kidole anaweza kukipeleka kwa ng'ombe mzima. Huko Edinburgh, Uskochi, wataalamu walionyesha mwaka 2009 kwamba aina moja ya kijidudu hiki iliyokuwa ikisumbua kuku wa nyama ilitoka kwa binadamu, ikahamia kwa kuku, ikazoea. Na huko Uholanzi, mwaka 2005, iligunduliwa kwamba wafugaji wa nguruwe walikuwa wakipata kutoka kwa nguruwe wao aina isiyosikia dawa. Kwa hiyo njia hii ni ya kwenda na kurudi.

Ndani ya kiwele kijidudu hiki ni mjanja. Hujichimbia ndani sana, na kiwele kinajenga kovu kukizunguka, kama boma. Ng'ombe mwingine huonyesha dalili wazi: kiwele kinavimba, kina joto, anapiga teke akiguswa, maziwa yana mabonge au damu. Lakini wengi hawaonyeshi kitu. Maziwa ni meupe, kiwele ni laini, ila tu mazao yanapungua kidogo kidogo na mwenye ng'ombe hulaumu majani. Kumbuka yule ng'ombe wa Ufilipino: alionekana mzima.

DAWA NAYO?

Mfugaji mwingine atasema, "Mimi nina sindano ya penisilini, hofu ya nini?" Sikiliza. Penisilini yenyewe ilitokana na kijidudu hiki. Mwaka 1928, mjini London, Alexander Fleming alikuwa akiotesha vijidudu vya jamii hii katika visahani, ukungu ukaangukia kisahani kimoja, na vijidudu vilivyokuwa karibu na ukungu ule vikafa. Ndipo dawa ikapatikana. Lakini katika miaka ya 1940, dawa ikiwa bado mpya, vilikwisha onekana vijidudu vya usaha ambavyo penisilini haviviui. Ikatengenezwa dawa nyingine yenye nguvu, methisilini, na kufika mwaka 1961 huko Uingereza vikaonekana vinavyoishinda hiyo nayo.

Kila mara mtu anapotumia dawa nusu, au kuacha siku ya pili kwa kuwa uvimbe umepungua, vijidudu dhaifu hufa na vigumu hubaki kuzaana. Ni sawa na kupalilia majani mepesi na kuacha ndago. Kwa hiyo usimtibu ng'ombe kwa kukisia. Mwite bwana mifugo, maliza dozi yote, na siku zile ambazo maandishi ya dawa yanakataza maziwa, usiyauze wala usiyanywe. Na ng'ombe ambaye kiwele chake kimekuwa kigumu kama jiwe, ametibiwa mara kadhaa bila kupona, ni afadhali kumtoa katika kundi kuliko kumwacha awaambukize wenzake. Ni vigumu kulisema hilo kwa mtu mwenye ng'ombe wawili tu, tunajua. Lakini afadhali ubaki na mmoja mzima kuliko wawili wagonjwa.

SASA TUFANYE NINI?

Mambo yenyewe si ya gharama. Yanataka desturi tu.

1. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kukamua, na tena unapotoka kwa ng'ombe mmoja kwenda kwa mwingine. Kata kucha.

2. Mwenye jipu, kidonda chenye usaha au kidole kilichovimba asikamue, wala asishike chakula kilichopikwa, mpaka apone. Kama hakuna mtu mwingine, afunge kidonda vizuri na kukivika mfuko safi wa plastiki au glavu. Usikohoe wala kupiga chafya juu ya ndoo.

3. Osha chuchu kwa maji safi na uzikaushe kwa kitambaa. Kila ng'ombe na kitambaa chake. Vitambaa vichemshwe kila siku na kuanikwa juani.

4. Kamua michirizi ya kwanza ya kila chuchu juu ya kitambaa cheusi au chombo cheusi. Ukiona mabonge au maji maji, chuchu hiyo ina ugonjwa. Kwa ugonjwa uliojificha, mwombe bwana mifugo akupimie kwa ile dawa ambayo ikichanganywa na maziwa ya kiwele kigonjwa huyafanya mazito kama uji.

5. Anza na ng'ombe wazima, mwishie mgonjwa. Maziwa ya chuchu yenye ugonjwa usiyachanganye na mengine, usimpe ndama, usiyamwage bandani. Yafukie.

6. Ukimaliza kukamua, chovya chuchu katika dawa ya kuua vijidudu ambayo bwana mifugo atakuonyesha.

7. Sasa lile kubwa. Maziwa ya nyumbani yachemshwe mara tu yanapofika jikoni, kabla ya kazi nyingine. Moto wa jioni uwashwe kwa ajili ya maziwa kwanza, ugali ufuate. Maziwa ya kuuza yapelekwe kituoni upesi. Ikibidi kungoja, weka chombo chake chenye mfuniko ndani ya karai la maji baridi kivulini, na ubadilishe maji yakipata joto. Kipoozo cha namna hiyo huchelewesha vijidudu tu, wala hakivizuii usiku kucha.

8. Yakisha chemka, yaache katika sufuria ile ile, yafunike, na uyapooze upesi kwa maji baridi. Usiyahamishie katika kibuyu au chupa ambayo haikuoshwa kwa maji ya moto. Usichovye kidole wala kikombe. Hapa pana hatari ambayo wengi hawaijui. Maziwa yaliyochemshwa ni kama shamba lililopaliliwa: magugu yote yameondoka, na mbegu ya kwanza itakayoanguka itastawi bila mshindani. Kijidudu cha usaha kikiingia kutoka mkononi baada ya moto, kinajikuta peke yake.

9. Ukitaka mtindi, chemsha maziwa mabichi kwanza, yapooze mpaka yawe vuguvugu, kisha tia kijiko cha mtindi mzuri. Yakiganda upesi, ukali wake humzuia adui yetu kuzaana.

Na mambo haya si ya maziwa peke yake. Nyama ya arusini iliyopikwa asubuhi, ikakatwakatwa kwa mikono, ikafunikwa ikingali moto mpaka jioni, huwa vile vile. Hata chumvi haisaidii sana, maana kijidudu hiki huvumilia chumvi kuliko vijidudu vingine vingi. Chakula kipikwe karibu na wakati wa kula.

AKIUGUA MTU

Sumu hii huanza upesi, mara nyingi kati ya saa moja na saa sita baada ya kula. Mtu hutapika sana, tumbo humkata, na wengine huharisha. Kwa kawaida hupona katika siku moja au mbili. Penisilini haimsaidii, kwa kuwa kinachomwumiza ni sumu, na sumu haiuawi kwa dawa hiyo. Kinachotakiwa ni maji. Mpe dawa ya chumvi na sukari ya pakiti, iliyokorogwa kama ilivyoandikwa, kidogo kidogo, mara kwa mara. Mtoto mdogo, mzee, mama mjamzito, au mtu yeyote anayelegea, mwenye macho yaliyoingia ndani, mwenye homa kali au anayeharisha damu, apelekwe zahanati bila kungoja. Huko mwelezeni mganga mlikula nini na saa ngapi. Saa ni jambo kubwa katika habari hii.

Tukirudi kwa yule mama wa mwanzo, pengine atasema, "Lakini siku nyingi nimechelewa kuchemsha na hakuna aliyeugua." Ni kweli. Si kila ndoo ina kijidudu hiki, wala si kila kijidudu cha aina hii hutoa sumu. Ndiyo maana twadanganyika. Siku ishirini hupita salama, siku ya ishirini na moja watoto wanalala chini. Kama maziwa ya mtoto yamekaa na joto tangu jioni mpaka usiku, usiseme moto utayaponya. Hasara ya lita mbili inauma, lakini mtoto anauma zaidi.

Na wewe baba, jioni ukirudi usiulize tu, "Maziwa yamechemshwa?" Uliza, "Yamechemshwa saa ngapi?" Na kama kuni zimelowa, basi nenda kazitafute wewe zilizokauka. Kazi hii si ya mama peke yake.